PICHA ZA KUWATANIA WAKUBWA

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watu wa Idsowe, karibu na Garsen, katika nchi ya Mto Tana. Tumeyapiga chapa kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakuwapo wapate kuyasoma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya picha. Sisemi juu ya picha za kamera, bali zile zinazochorwa kwa mkono na kuitwa katuni au vibonzo. Mnazijua. Mkubwa wa Serikali amechorwa pua ndefu kama mkonga wa ndovu, tumbo limemtoka kama gunia la mpunga, na karibu na kinywa chake yameandikwa maneno machache ya kuchekesha. Wako watu ambao wakipata gazeti huutafuta ukurasa huo kabla ya ukurasa wa kwanza, na siku hizi hata gazeti si lazima, kwa kuwa picha huingia yenyewe katika simu. Lakini ni wachache wanaouliza desturi hii ilitoka wapi, na kwa nini mchoraji wa nchi moja hupewa fedha na mwenziwe wa nchi nyingine hutiwa gerezani. Tena liko swali ambalo mzee mmoja wa hapa aliniuliza kabla sijasimama: je, ni adabu mtu kumcheka mkubwa wake?

Nitaanza mbali, London ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita, kwa kuwa huko ndiko kazi hii ilikopata kuwa biashara kamili. Kisha nitarudi kwetu.

BAMBA LA SHABA

Zamani Uingereza ilikuwa na sheria iliyomlazimu mpiga chapa kupata ruhusa kabla ya kuchapa kitu chochote. Sheria hiyo ilikoma mwaka wa 1695. Msidhani kwamba iliondolewa kwa hotuba kubwa za kusifu uhuru. Muda wake ulikwisha tu, wabunge wakashindwa kuafikiana juu ya kuirudisha, basi ikafa. Tangu siku hiyo mtu aliweza kuchapa kwanza na kushtakiwa baadaye, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika.

Sasa sikilizeni jinsi picha zenyewe zilivyotengenezwa. Mchoraji alichukua bamba la shaba nyekundu akalipaka nta, kisha akachora juu ya nta kwa sindano kali mpaka shaba ikaonekana. Bamba likatiwa katika tindikali. Tindikali haili nta, hula shaba pale tu palipochorwa, na kwa hiyo mistari yote ikabaki imechimbika. Nta ikaondolewa, wino ukapakwa juu ya bamba lote na kufutwa, ukabaki ndani ya mistari tu. Halafu karatasi yenye unyevu ikawekwa juu yake, na vyote viwili vikapitishwa katika mtambo wa kukandamiza. Karatasi ilipoinuliwa picha ilikuwa imekwisha hamia huko, lakini imegeuka: cha kulia kimekuwa cha kushoto. Kwa sababu hiyo maneno yote yaliyokuwamo katika picha mchoraji alipaswa kuyaandika kinyume, kama yaonekanavyo katika kioo. Mimi ambaye kazi yangu ni kufasiri maneno ya watu wengine huona taabu ya kutosha kuyaandika maneno yakiwa yameelekea mbele, basi nawastahi sana watu wale.

Picha ikitoka haina rangi ilikuwa na bei yake, na ikipakwa rangi kwa mkono ilikuwa ghali zaidi. Picha yenye rangi iliuzwa shilingi moja au mbili, na kwa kibarua wa London wa siku zile hiyo ilikuwa karibu na ujira wa kutwa nzima. Kwa hiyo walionunua ni matajiri. Lakini wenye maduka walizibandika picha mpya katika vioo vya madirisha yao, na kutazama dirishani hakulipwi. Watu wa kila namna walisongamana njiani, mchukuzi wa makaa karibu na bwana mwenye kofia ya hariri, na asiyejua kusoma alisomewa maneno na mwenziwe. Wako hata wenye maduka waliokodisha majalada ya picha kwa jioni moja, mtu awaonyeshe wageni wake baada ya chakula.

Mchoraji wa kwanza kupata jina kubwa ni William Hogarth, aliyezaliwa mwaka wa 1697. Yeye alichora tabia za watu: walevi, wacheza kamari, wagombea uchaguzi wanaonunua kura. Picha zake zilipopendwa wezi wa kazi walizinakili na kuziuza kwa bei ndogo, na mwenyewe akabaki na sifa bila fedha. Hogarth na wenzake wakapeleka malalamiko Bungeni, na mwaka wa 1735 ikatungwa sheria ya kumlinda mchoraji asiibiwe kazi yake kwa muda wa miaka 14. Mfululizo mmoja wa picha alikuwa nao tayari, akauzuia usitoke mpaka siku sheria ilipoanza. Huyo alikuwa mtu mwenye akili ya biashara.

MWANA NA BABA MEZANI

Lakini katika kuwatania watawala aliyewapita wote ni James Gillray, aliyezaliwa mwaka wa 1756 na kufa mwaka wa 1815. Alikaa ghorofani juu ya duka la picha la Bibi Hannah Humphrey, na bibi huyo ndiye aliyeziuza kazi zake.

Nitawaeleza picha zake mbili za mwaka wa 1792. Ya kwanza inamwonyesha mwana wa Mfalme, yule ambaye baadaye alitawala kwa jina la George wa Nne. Amekwisha kula. Ameegemea kiti, tumbo limefura hata kizibao hakifungiki vizuri, anajichokoa meno kwa uma. Mifupa imebaki sahanini, chupa tupu zimelala chini ya kiti. Nyuma yake kuna chombo cha haja, na hati za madeni ambayo hayajalipwa zimewekwa hapo. Dawa za maradhi ya aibu nazo zimo. Kila Mwingereza aliyeitazama alielewa, kwa kuwa mwaka wa 1787 Bunge lilikuwa limetoa fedha nyingi kumlipia mtu huyo madeni, naye alikwisha anza kukopa upya.

Picha ya pili inamwonyesha baba yake, Mfalme George wa Tatu, anakula yai la kuchemsha. Kila kitu kimebanwa na kuwekewa akiba kama nyumbani kwa mtu bahili. Ziweke picha mbili hizi pamoja, utaona ujanja wa mchoraji. Mwana anacheka kwa ulafi, na baba anachekesha kwa ubahili, na mwenye kulipa gharama za wote wawili ndiye yule aliyesimama nje ya dirisha akitazama. Hakuna neno la matusi. Nami naona kwamba hapo ndipo penye nguvu ya picha hizi: mchoraji hasemi kwamba mtu fulani ni mbaya, bali anamketisha mezani ukamwona mwenyewe.

Picha yake nyingine ni ya mwaka wa 1805, nayo yatuhusu sisi wa Mto Tana kuliko mnavyofikiri. Waziri Mkuu Pitt wa Uingereza, mwembamba kama fito, ameketi mezani na Napoleon wa Ufaransa, aliyechorwa mfupi kama mtoto. (Napoleon hakuwa mfupi kuliko Wafaransa wengi wa wakati wake. Lakini Gillray alimchora hivyo mara nyingi hata dunia yote ikasadiki, na mpaka leo watu huamini.) Mezani pana andazi kubwa la mviringo linalofuka moshi, na andazi hilo ni dunia. Napoleon anakata Ulaya kwa upanga. Pitt anajikatia bahari. Hakuna mwingine aliyekaribishwa.

Baada ya miaka 80 watu wa Ulaya walikutana Berlin kuzungumza juu ya Afrika, na mapema mwaka wa 1885 gazeti moja la Ufaransa likachora keki iliyoandikwa Afrika, na Bismarck wa Ujerumani ameshika kisu. Mwaka uleule Wajerumani wawili, ndugu Denhardt, walifanya mapatano na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mwaka wa 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu katika mkataba uleule uliohusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland huko Ulaya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo askari wa manowari za Kiingereza, kwa sababu ya Wajerumani kadhaa waliouawa huko, waliuteketeza mji. Kutoka hapa hadi Witu si mbali. Basi andazi la Gillray babu zetu walilijua, ila wao walikuwa ndani ya sahani.

GEREZA NA MFUKO

Mtauliza: kwa nini Gillray hakufungwa? Mwaka wa 1796 alikamatwa, kwa picha iliyohusu kuzaliwa kwa mtoto wa jamaa ya Mfalme, lakini mashtaka hayakufika mwisho. Kulikuwa na shida ya kisheria, nayo inachekesha. Picha haikutaja jina. Ili mchoraji ahukumiwe ilibidi wakili wa Serikali asimame mbele ya wazee wa baraza na kuapa kwamba yule mtu mnene, mlafi, mwenye madeni na maradhi, ni Mwana wa Mfalme hasa. Nani angetaka kuisema kesi hiyo? Kushtaki kungekuwa kukiri.

Basi wakubwa wa London waligundua njia nyingine, nayo ni mfuko. Tangu mwaka wa 1797 Gillray alipokea kiinua mgongo cha paundi 200 kwa mwaka kutoka upande wa Serikali, na tangu hapo kalamu yake iliwachoma zaidi wapinzani. Mwaka wa 1820 mchoraji mwingine, George Cruikshank, alipewa paundi 100 kwa ahadi ya kutomchora Mfalme katika hali ya aibu. Yule Mwana wa Mfalme wa mwaka wa 1792 ndiye aliyekuwa Mfalme sasa, na inaonekana kwamba yale ya mezani hakuyasahau. Mimi naona kwamba gereza humfanya mchoraji awe shujaa, lakini paundi 100 humfanya awe kimya, na msomaji hapati hata kujua kwamba kuna picha ambayo haikuchorwa.

Ufaransa walichagua gereza. Mwaka wa 1831 Charles Philipon, mwenye gazeti la picha, alishtakiwa kwa kumdhihaki Mfalme Louis Philippe. Mbele ya mahakimu alichora vichwa vinne kwa mfululizo. Cha kwanza ni kichwa cha Mfalme, cha pili kimelegea mashavu kidogo, cha tatu zaidi, na cha nne ni tunda la peasi tupu, ambalo umbo lake ni kama papai, jembamba juu na nene chini. Akauliza ni kipi katika vinne hivyo ambacho sheria inakikataza, na kama ni kosa lake ikiwa peasi linafanana na Mfalme. Wakamfunga miezi sita na kumtoza faranga 2,000. Lakini tangu siku hiyo watoto wa Paris walichora peasi katika kuta zote za mji, na kila aliyepita alijua maana yake. Mwenziwe Honoré Daumier naye alifungwa kwa picha ya Mfalme yuleyule, akiwa jitu linalomezeshwa mali ya maskini. Mwaka wa 1835 Serikali ya Ufaransa ikatunga sheria kwamba hakuna picha itakayotoka bila ruhusa.

KWETU

Sasa nirudi kwetu. Watu wa pwani hii hawakuwa na mabamba ya shaba, lakini walikuwa na shairi. Katika siku zilezile za Gillray alikuwako Mombasa mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi yapata mwaka wa 1776 hadi 1840. Mombasa ilitawaliwa na Mazrui, na Lamu ilikuwa upande wa Seyyid Said wa Maskati. Katika miaka ya 1810 miji hiyo ilipigana vita vya Shela. Mashairi nayo yalipigana. Muyaka alitunga beti za kuwachokoza watu wa Lamu na Sultani wao, na Lamu wakamjibu kwa beti za Zahidi Mngumi. Shairi lilipanda jahazi, likateremka bandarini, likasomwa barazani, na jibu likarudi kwa jahazi lijalo. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya picha ya London, wala halikuhitaji dirisha.

Tena fumbo la Muyaka lilifanya kazi ileile ya peasi la Philipon. Alisema juu ya chombo, au mnyama, au mti, na mwenye kusikia akajua ni nani aliyekusudiwa. Ukimshtaki mwenye fumbo umejitaja mwenyewe. Mashairi hayo yalihifadhiwa vichwani mwa watu mpaka mwisho wa karne ya kumi na tisa, ndipo Mwalimu Sikujua wa Mombasa akamsaidia mmisionari Taylor kuyaandika, na mwaka wa 1940 yakapigwa chapa kitabuni.

Katika siku za utawala wa Kikoloni Waingereza walewale ambao babu zao walisongamana dirishani kumcheka Mfalme walileta huku sheria ya uchochezi. Bw. Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times la Nairobi, alifungwa kwa sheria hiyo katika miaka ya 1940. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, magazeti mengi ya lugha za Kiafrika yalipigwa marufuku. Vichekesho vilivyobaki vilikuwa vya nyumbani na njiani. Katika miaka hiyo ya 1950 Edward Gitau alimbuni Juha Kalulu, mtu mjinga mwenye bahati mbaya, ambaye baadaye wasomaji wa Taifa Leo walicheka naye kwa miaka mingi. Tanzania walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Watu hao hawakumgusa Rais. Lakini msiwadharau, kwa kuwa walimfundisha msomaji wa Kiswahili kuisoma picha: kujua kwamba jasho linalomruka mtu kichwani ni hofu, na wingu lenye maneno ni mawazo yake.

Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Nairobi gazeti la picha na hadithi lililoitwa Joe. Joe ni mtu wa kawaida wa mjini anayetafuta riziki, anayecheka ili asilie. Lilidumu mpaka mwaka wa 1979.

Uhuru haukuiondoa sheria ile. Mwaka wa 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alitoa karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa miaka mitatu. Huko gerezani akatunga mashairi ambayo baadaye yalitoka katika kitabu cha Sauti ya Dhiki, mwaka wa 1973. Na kwa muda mrefu wachoraji wa Kenya hawakuthubutu kumchora Rais aliye madarakani. Mlango ulifunguka tu baada ya Desemba 1991, vyama vingi viliporuhusiwa. Hapo Rais Moi akaanza kuonekana katika katuni, na rungu lake mkononi na waridi katika koti lake, na mara hiyo ishara hizo mbili zilitosha. Uso haukuwa lazima. Sheria ya uchochezi yenyewe ilifutwa mwaka wa 1997.

Aliyepata jina kuliko wote katika kizazi hicho ni Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1969 na kuingia gazeti la Nation mwaka wa 1992. Uhuru Kenyatta aliposhtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa, Gado alimchora amefungwa mnyororo wenye tufe la chuma mguuni, na akaendelea kumchora hivyo akiwa Rais. Mashtaka yaliondolewa Desemba 2014. Ni Gado pia aliyeanzisha XYZ, mchezo wa vikaragosi vya viongozi, ulioanza kuonyeshwa katika televisheni mwaka wa 2009, kwa mfano wa michezo ya namna hiyo ya Uingereza na Ufaransa.

Januari 2015 gazeti la The East African lilizuiwa kuuzwa Tanzania. Serikali ilisema gazeti halikuandikishwa huko. Wengi waliona sababu ni katuni ya Gado iliyomwonyesha Rais Kikwete amejilaza kama mfalme wa Kirumi, akihudumiwa na wanawake wenye majina ya maovu ya utawala. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na Nation haukuendelezwa, naye akasema kwamba kulikuwa na shinikizo la wakubwa. Alipata kazi kwingine na kuendelea kuchora.

Uganda nako kuna jambo la kupendeza. Mwezi wa Aprili 2023 mchoraji na mwalimu wa chuo kikuu, Jimmy Spire Ssentongo, aliwaalika watu walete mtandaoni picha za mashimo ya barabara zao, kana kwamba ni maonyesho ya sanaa. Picha zikamiminika. Haikupita muda mrefu Rais Museveni akaagiza fedha zitolewe kwa barabara za Kampala. Naona mnatazamana, nami nimekuja kwa barabara ileile mnayoijua nyinyi.

Lakini si kila jambo huisha kwa fedha za barabara. Desemba 2024 kijana wa Kenya, anayejulikana mtandaoni kwa jina la Kibet Bull, ambaye picha zake za kivuli cheusi zilimtania Rais Ruto, alichukuliwa na watu wasiojulikana. Polisi walikana kuhusika. Akaonekana tena akiwa hai Januari 2025, pamoja na vijana wengine waliokuwa wamepotea. Katika habari za Gillray na Philipon, mwenye kukamata alijulikana na mahakama ilijulikana. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na nasema wazi kwamba kesi mbaya ni afadhali kuliko kutokuwa na kesi.

JUU YA UTANI

Nirudi kwa swali la mzee. Je, ni adabu?

Sisi tuna utani. Makabila mengi ya bara na pwani yana watani wao, na mtani ana ruhusa ambayo mtu mwingine hana. Hufika hata kwenye matanga akamcheka marehemu kwa uchoyo wake, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Lakini utani una mipaka. Hufanywa hadharani, anayetaniwa ana haki ya kujibu, na mtani huwa wa kwanza kushika jembe kaburi likichimbwa. Kwa maoni yangu mchoraji wa katuni ni mtani wa Serikali. Kucheka kwake si kuivunja. Wimbo wa Taifa letu, tuni yake ilitoka katika bembelezo la mama wa Kipokomo wa mto huu, na hakuna atakayesema kwamba watu waliolipa Taifa wimbo wake hawana haki ya kumcheka waziri anayeuimba vibaya.

Hata hivyo kuna upande wa pili, nami sitauficha. Gillray huyohuyo, mwaka wa 1792, alichora jamaa ya Kifaransa mezani wakila viungo vya binadamu, wazee kwa watoto. Hapo hakumtania mfalme wala waziri. Alilichora taifa zima kuwa wala watu, na mwaka uliofuata nchi hizo mbili zikaingia vitani. Wachoraji wa Uingereza waliokuja baadaye walimchora Mwairishi kama nyani, na Mwafrika walimchora jinsi ambavyo sitaki kuwaeleza. Kalamu ni ileile, na tindikali ni ileile. Lakini Mwana wa Mfalme alikuwa na jeshi, fedha na Bunge la kumlipia madeni. Mwairishi maskini alikuwa na nini cha kujibia?

Nyinyi mnajua kwa nini nalisema hili hapa. Kuanzia Agosti 2012 mpaka Januari 2013 watu zaidi ya 100 walikufa katika nchi hii ya Mto Tana, wakulima na wafugaji, na katika kijiji kimoja, Riketa, watu zaidi ya 50 waliuawa katika asubuhi moja. Sitayasimulia, kwa kuwa nyinyi mnayajua kuliko mimi. Nasema tu kwamba picha inayomfanya mkulima wote awe mwizi wa maji, au mfugaji wote awe mnyama, si utani. Haina jina la mtu, na asiye na jina hawezi kujibu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kusema na wa kubuni kazi za sanaa, na katika kifungu hichohicho inasema kwamba uhuru huo hauwahusu wachochezi wa fujo wala matamshi ya chuki ya kikabila. Kinyago cha mbunge wa Garsen, achoraye na achore. Kinyago cha jirani yako kwa sababu ya kabila lake ni jambo lingine, hata kikija katika simu kimepambwa kwa vicheko.

Kwa hiyo picha ikikufikia, iulize mambo matatu kabla hujaipeleka kwa mwenzio. Anayechekwa ni nani, na ana uwezo gani wa kujibu? Mchoraji ameweka jina lake? Nani ameilipia? Gillray alitia sahihi yake, na Bibi Humphrey aliandika chini anwani ya duka lake na tarehe. Ndiyo maana leo Makumbusho ya Uingereza huko London yameweza kuziandika picha hizo za siasa katika orodha moja, zaidi ya 17,000, na kusema karibu juu ya kila moja ilitoka siku gani na kwa nani. Nyingi za picha zinazoingia katika simu zetu hazina jina, hazina siku, wala hazina mji.

Nimewachosha kwa majina ya watu wa mbali. Nimekuja na nakala za picha tatu nilizozisema, ile ya ulafi, ile ya yai na ile ya andazi, nazo zitapitishwa kwenu sasa. Wazee waanze kuzitazama, kisha mwenye swali na asimame.